Mfupa bila daftari ni jiwe tu

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuvuka Rusumo na magunia ya mchele au trei za mayai analijua swali la afisa wa forodha. Afisa haulizi bidhaa ina ubora gani wala imenunuliwa kwa jasho kiasi gani. Anauliza imetoka wapi. Mwenye cheti cha asili ya bidhaa anapita. Asiye nacho anabaki kando ya barabara akipiga simu huku jua likimuunguzia mzigo. Kwa shehena ndogo isiyozidi dola 2,000, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka hata cheti rahisi, ili mwenye mzigo mdogo asizidiwe na makaratasi yaliyotungwa kwa ajili ya wakubwa.

Swali hilo hilo ndilo lililowagombanisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 150 kuhusu mnyama anayefungwa miguu na kuuzwa kila siku Nyabugogo na Kimironko. Kuku, na ndege wote pamoja naye, ametoka wapi? Leo wataalamu walio wengi wamekubaliana kwamba ndege ni tawi la dinosaria, wale wanyama wa kale waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, na kwamba tawi hilo ndilo pekee lililosalia. Lakini njia iliyowafikisha kwenye jibu hilo ina somo linalowagusa watu wa mipakani pengine kuliko watu wa maabara. Kesi ya ndege ilicheleweshwa na mifupa iliyoandikiwa jina lisilo lake, ikachafuliwa na mzigo uliovushwa bila karatasi, na mwisho ikaamuliwa na mifupa ambayo mahali ilipochimbwa panajulikana.

Sehemu ya mifupa hiyo imetoka katika ardhi ya Jumuiya. Kwa sababu hiyo, nchi wanachama zinapaswa kuvipa visukuku, yaani mifupa, manyoya na nyayo za kale zilizogeuka mawe, utaratibu mmoja wa kutambua asili, kama zinavyofanya kwa mchele na mayai. Na Kigali, ingawa haina mfupa hata mmoja wa dinosaria, ina sababu za kutosha za kulianzisha jambo hilo.

Ni vyema kesi yenyewe ielezwe kwanza. Mwaka 1861, katika machimbo ya mawe ya chokaa huko Bavaria, Ujerumani, ulipatikana unyoya uliogeuka jiwe, na muda si mrefu ukafuatiwa na kiunzi cha mnyama wa ajabu. Alikuwa na mabawa na manyoya kama ndege, lakini mdomo wake ulikuwa na meno na mkia wake ulikuwa mrefu wenye pingili za mfupa, kama wa mjusi. Aliitwa Archaeopteryx, na umri wake ni kama miaka milioni 150. Mwanasayansi wa Kiingereza Thomas Huxley alilinganisha miguu na nyonga za dinosaria na za ndege akaona undugu wa karibu. Kwa miaka kadhaa ilionekana kama jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 1926 Gerhard Heilmann wa Denmark alichapisha kwa Kiingereza kitabu kuhusu asili ya ndege, na humo akaweka pingamizi moja lililowanyamazisha wengi kwa karibu miaka 40. Ndege wana mfupa wenye umbo la herufi V kifuani, uliotokana na mitulinga miwili iliyoungana. Kila anayekula kuku anaufahamu. Heilmann alisema dinosaria hawakuwa na mitulinga, na kiungo kikishapotea katika ukoo hakirudi. Kwa hiyo, alihitimisha, ndege hawawezi kuwa wametoka kwa dinosaria. Lazima walitoka kwa mnyama wa kale zaidi.

Kichekesho ni kwamba mfupa aliodai haupo ulikuwa tayari umeshachimbwa. Mwaka 1924 huko Marekani alitangazwa dinosaria kutoka Mongolia aliyepewa jina la Oviraptor, maana yake mnyang'anyi wa mayai. Mfupa wake wa V ulikuwepo, ila uliandikwa kama mfupa mwingine. Hata jina lenyewe lilikuwa la kumsingizia. Alikutwa juu ya mayai yakadhaniwa ni ya dinosaria wa aina nyingine, naye akahukumiwa mwizi. Miaka ya 1990 ndani ya mayai ya aina hiyo kilikutwa kiinitete cha jamaa zake mwenyewe. Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi. Mzigo ulikuwepo ghalani muda wote, ila lebo haikuwa yake.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1964, pale John Ostrom wa Marekani alipopata Montana mifupa ya dinosaria mdogo mwepesi aliyemwita Deinonychus. Mkono wake, bega lake na kifundo chake vilifanana na vya Archaeopteryx kiasi kwamba katika miaka ya 1970 Ostrom alilifufua wazo la Huxley. Kisha mwaka 1996 mkulima katika jimbo la Liaoning, China, alipata dinosaria mdogo aliyezungukwa na nyuzi laini kama manyoya ya kifaranga. Akaitwa Sinosauropteryx. Hata hapo biashara haikukosa kuingia: jiwe lilikuwa limepasuka vipande viwili vyenye sura moja, na kila kipande kikauzwa kwa taasisi yake. Kwa bahati nzuri wote walijua limetoka wapi, na vipande vikaweza kulinganishwa.

Waliopinga hawakuwa watu wa mzaha. Aliyejulikana zaidi ni Alan Feduccia, mtaalamu wa ndege wa Marekani, na hoja zao tatu zilistahili kujibiwa. Ya kwanza ilihusu muda. Deinonychus aliishi kama miaka milioni 110 iliyopita, wakati Archaeopteryx ni wa miaka milioni 150. Mjukuu atamtanguliaje babu? Ya pili ilihusu vidole. Ukitazama kifaranga anavyojengeka ndani ya yai, vidole vitatu vya bawa vinaonekana kuwa cha pili, cha tatu na cha nne, ilhali dinosaria wa kundi hilo walibakiwa na cha kwanza, cha pili na cha tatu. Ya tatu ilisema nyuzi za Liaoning si manyoya bali ni nyuzi za ngozi iliyooza.

Kila hoja ilijibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2009 wataalamu wa China walieleza kwa kina dinosaria mwenye manyoya, Anchiornis, wa miaka kama milioni 160, ambaye ni mkongwe kuliko Archaeopteryx. Mwaka 2010 ndani ya nyuzi za Sinosauropteryx zilionekana chembe ndogo za rangi kama zile za manyoya ya ndege wa leo. Mkia wake ulikuwa na mistari ya hudhurungi na nyeupe. Mwaka 2011 wanasayansi wa Japani waliofuatilia viinitete vya kuku walionyesha kwamba vidole vya bawa vinajengeka kama cha kwanza, cha pili na cha tatu, sawa na dinosaria. Mjadala wa vidole haujazimika kabisa, na si vibaya. Wapinzani wa aina hiyo ni kama afisa wa forodha asiyependa kuharakishwa: anaudhi, lakini akipitisha mzigo, mzigo umepita kweli.

Katikati ya mabishano hayo ndipo lilipotokea jambo ambalo mfanyabiashara atalielewa kuliko profesa. Mwaka 1999, kwenye soko la mawe na visukuku huko Tucson, Arizona, kilinunuliwa kisukuku kwa dola 80,000. Kilikuwa na kiwiliwili cha ndege na mkia wa dinosaria. Kilitoka China kwa njia za panya, bila kibali, bila jina la shimo, bila maelezo ya aliyekichimba. Novemba mwaka huo jarida la National Geographic likakitangaza kwa jina la Archaeoraptor kama kiungo kilichokuwa kikitafutwa. Wiki chache baadaye mtaalamu wa China, Xu Xing, akakuta kwao jiwe lenye upande wa pili wa mkia ule ule, ukiwa umeungana na mwili wa mnyama mwingine kabisa. Mtu alikuwa ameunganisha kwa gundi vipande vya wanyama tofauti ili bei ipande.

Hasara haikuishia kwenye dola 80,000. Jarida liliaibika na mwaka uliofuata likalazimika kuchapisha uchunguzi wa kosa lake. Wasioamini undugu wa ndege na dinosaria walipata fimbo ya kuwachapa wanasayansi wote, hata wale ambao hawakuhusika. Na kilichosikitisha zaidi ni kwamba vipande vyenyewe vilikuwa vya thamani: mkia ulikuwa wa Microraptor, dinosaria mwenye manyoya ambaye hakuwa amewahi kujulikana. Kuku halisi na bata halisi walichinjwa na kuuzwa kama mnyama mmoja wa uongo. Mwaka 2000 kisukuku hicho kilirudishwa China.

Mfano wa pili unahusu tamko la forodha moja kwa moja. Mwaka 2012 huko New York kiunzi cha dinosaria mkubwa mla nyama, Tarbosaurus, kilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Kilitoka Mongolia, nchi ambayo tangu mwaka 1924 sheria yake inavifanya visukuku kuwa mali ya taifa. Karatasi za kukiingizia Marekani zilisema nchi ya asili ni Uingereza na thamani ni dola 15,000. Serikali ya Marekani ilifungua kesi, na mwaka 2013 kiunzi kikarejeshwa Mongolia. Hapakuhitajika hoja ngumu ya kisayansi. Mashahidi wakubwa walikuwa fomu ya forodha iliyodanganya mahali pa asili na bei, na wataalamu waliojua kwamba mifupa ya rangi na aina hiyo haitoki Uingereza.

Sasa turudi nyumbani. Wengi katika ukanda huu wamewahi kusikia habari za mjusi wa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa huko, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo liliwategemeza hao wageni. Tani zipatazo 250 za mifupa zilibebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Miaka miwili tu kabla ya hapo kusini hiyo hiyo ilikuwa imeteketezwa katika vita vya Maji Maji.

Kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Katika jengo hilo hilo kuna Archaeopteryx wa pili na maarufu kuliko wote, aliyenunuliwa kwa fedha za mwenye viwanda Werner von Siemens, marki 20,000. Wanyama hao wa Bavaria na Lindi walikaribiana umri. Tendaguru ilitoa pia Elaphrosaurus, dinosaria wa kundi lile lile pana la watembeao kwa miguu miwili ambamo ndege nao wanahesabiwa. Tofauti ni kwamba mmoja aliingia jengoni kwa bei na kwa jina la muuzaji, na mwingine aliingia kwa amri ya utawala wa kikoloni. Jina la Boheti lilisubiri hadi mwaka 2007, pale dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo haki inataka lisemwe. Mifupa ya Tendaguru bado inazungumza na wanasayansi kwa sababu ilikuwa na daftari. Kila shimo lilipewa alama ya herufi, mifupa ilichorwa ilivyolala, tabaka za mawe zikaandikwa. Ndiyo maana anayedai leo kwamba mali hiyo ni ya Lindi hahitaji kuthibitisha. Ushahidi wa asili umo ndani ya vitabu vya waliochukua. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali yenye daftari hata ikienda mbali ina njia ya kuulizwa.

Ushahidi mzito zaidi wa kesi ya ndege, lakini, hautoki Lindi. Unatoka bonde la mto Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya huko mifupa ya mnyama asiyejulikana. Miaka ya 1950 Alan Charig alimpa jina la Teleocrater, lakini kiunzi kilikosa sehemu muhimu, kikiwemo kifundo cha mguu, na jina halikuchapishwa rasmi. Mifupa ikakaa London. Mwaka 2015 wachimbaji walirudi kwenye tabaka zile zile, wanaziita tabaka za Manda, wakapata mifupa iliyokosekana. Aprili 2017 Teleocrater akatangazwa katika jarida la Nature.

Alikuwa mla nyama wa mita mbili hadi tatu, mwenye shingo ndefu, anayetembea kwa miguu minne, zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Anasimama mwanzoni kabisa mwa tawi linaloelekea kwa dinosaria na ndege, mara tu baada ya tawi hilo kuachana na la mamba. Na kifundo chake kilikuwa bado cha kimamba. Kwa maneno mengine, mahali ambapo ukoo wa kuku na ukoo wa mamba ulianza kwenda njia mbalimbali panaonekana kwa macho katika mawe ya kusini mwa Tanzania. Jamaa wa Teleocrater wamepatikana India, Urusi na Brazili, kwa kuwa wakati huo mabara yote yalikuwa ardhi moja. Katika tabaka hizo hizo za Manda alitoka Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina la Kiswahili, na Nyasasaurus, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Huko Songwe mwaka 2019 ametangazwa Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa mto Mtuka mwenye mfupa wa mkia ulio na umbo la moyo.

Teleocrater alisubiri zaidi ya miaka 80 kupata jina. Lakini alipotafutwa alipatikana, kwa kuwa kumbukumbu ya 1933 ilisema bonde gani na mawe gani. Laiti mifupa ile ingenunuliwa mezani kwa mtu asiyesema ilikotoka, pasingekuwa na mahali pa kurudi, na kifundo cha mguu kisingepatikana kamwe.

Hapa ndipo Kigali inapoingia. Mawe ya Rwanda, kwa sehemu kubwa, ni ya kale mno. Yalikuwepo mamilioni mengi ya miaka kabla ya mnyama yeyote mwenye mifupa, na yale ya volkeno za kaskazini ni machanga mno. Hakuna sababu ya kutegemea dinosaria humo. Lakini mawe hayo ya kale ndiyo yaliyobeba kasiteri, koltani na wolframu, na kwa ajili ya madini hayo Rwanda imejifunza jambo ambalo majirani wengi wanalihitaji. Tangu mwaka 2011 gunia la madini linafungwa lebo yenye namba pale mgodini, na namba hiyo inaandikwa kwenye daftari kila mzigo unapobadilisha mikono. Utaratibu huo una kasoro zake na umelalamikiwa mara nyingi. Hata hivyo wachimbaji wadogo, madalali na maofisa wanajua kwa vitendo maana ya kufuatilia jiwe kutoka shimoni hadi melini.

Kigali ina sababu ya pili. Nyarugenge kuna nyumba ya Richard Kandt, mtawala mkazi wa Kijerumani aliyeanzisha mji huu mwaka 1907. Nyumba hiyo ilikuwa makumbusho ya historia asilia, na sasa inaeleza pia habari za ukoloni wa Kijerumani. Kandt alikuwa mkusanyaji wa wanyama, na aina moja ya kima wa dhahabu wa milimani inabeba jina lake. Wapagazi wa Tendaguru na watu wa Nyarugenge walikuwa chini ya gavana mmoja, katika koloni moja. Mtoto wa Kigali anayeonyeshwa nyumba ya Kandt bila kuonyeshwa Tendaguru anasimuliwa nusu ya hadithi.

Wapo watakaosema hili ni la Tanzania peke yake. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na mkataba wa UNESCO wa 1970 unagusa visukuku miongoni mwa mali zisizopaswa kuvushwa kiholela. Ni kweli. Lakini kisukuku kikishatoka Songwe au Ruvuma hakisubiri mpaka wa Tanzania peke yake. Malori yanayopita Rusumo, Kagitumba na Gatuna hubeba kila kitu, na jiwe halina harufu wala halilii. Afisa wa upande wa pili asipojua anachokitazama, sheria ya upande wa kwanza inabaki kabatini. Na bei zinazotangazwa duniani zinashawishi: mwaka 2024 dinosaria mmoja aliuzwa New York kwa dola milioni 44.6. Mkulima anayesikia bei hiyo hataambiwa kwamba mfupa mmoja uliong'olewa ovyo haupati hata nauli.

Wapo pia watakaosema mifupa hailiwi. Hao waangalie Karonga, mji wa Malawi ulio kando ya ziwa, kwenye barabara iendayo mpaka wa Tanzania. Mji huo ulijenga makumbusho yake, ukasimamisha nakala ya kiunzi cha Malawisaurus, dinosaria wa eneo lake. Karonga si mji mkuu wala si tajiri. Lakini mgeni anayepita kwenda Mbeya ana sababu ya kulala usiku mmoja, na muuza chai, mwenye nyumba ya wageni na dereva wa baiskeli wote wanagusa hela yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wafanyabiashara wenyewe. Kila utaratibu mpya mpakani huanza na nia njema na kuishia kwenye mfuko wa mama anayevusha nyanya. Hofu hiyo ni halali, na utaratibu wowote usioijibu haufai. Ndiyo maana kinachotakiwa hapa si kibali kipya cha kila mzigo. Kinachotakiwa ni karatasi moja yenye picha, ukutani katika vituo vya pamoja vya mpakani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine za wenyeji, ikionyesha mfupa uliogeuka jiwe unafananaje na nani apigiwe simu. Kinachotakiwa pia ni stakabadhi ya bure kwa yeyote anayekabidhi kisukuku na kusema alikikuta wapi, bila kufungwa, bila kunyang'anywa mzigo wake mwingine, na jina lake liandikwe kwenye daftari la makumbusho kama mgunduzi. Boheti alisubiri karibu miaka 100. Dereva wa leo asisubiri.

Kwa wanasayansi, masharti yanaweza kuwa makali zaidi kwa sababu wanaweza kuyabeba. Mfupa unaokwenda ng'ambo kuchunguzwa uwe na fomu moja inayotambulika katika nchi zote za Jumuiya, yenye jina la bonde, tabaka na tarehe ya kurudi, na nakala ya kiunzi ibaki huku. Nakala si mali ya anasa. Nakala ya Teleocrater inaweza kusimama Songea, Dodoma, Nairobi na katika nyumba ya Kandt kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemnyima mwenzake.

Kuhusu kurudishwa kwa mjusi wa Tendaguru, suala ambalo limewahi kufika hadi bungeni Tanzania, Jumuiya itazungumza na Berlin kwa sauti nzito zaidi ikiwa yenyewe inajua iliyo navyo. Anayedai deni huanza kwa kufungua daftari lake.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, mwaka ule ule Teleocrater alipotangazwa. Mkutano mmoja wa mawaziri wa biashara na wa utamaduni hapa Kigali ungetosha kuikubali karatasi ile yenye picha na fomu ile moja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mzani mmoja wa malori. Wakati huo huo wafanyabiashara hawana haja ya kungoja mawaziri. Vyama vyao vya mpakani vinajua madereva ni akina nani, vinajua njia za panya ziko wapi, na vinaweza kuanza kwa kuwaambia wanachama jambo moja: jiwe lenye umbo la mfupa lisipigwe nyundo wala lisipandishwe lori, paandikwe mahali lilipokutwa, lipigwe picha, na makumbusho iliyo karibu ipigiwe simu.